UZI: Ukisafiri nje ya nchi, ni nani anayekubadilishia hela yako? Hapo ndipo unapopigwa

#1 (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila mtu wangu wa karibu akipata safari ya nje ananipigia na swali lilelile: nibebe keshi au nitegemee kadi? Nimelijibu mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nalishusha hapa, atakayeniuliza tena nitamtupia linki tu.

Jibu langu huwa linaudhi watu, maana nawaambia swali lenyewe limekaa upande. Keshi inaweza kukutoka kwa nafuu kuliko kadi. Kadi hiyohiyo inaweza kukukata kidogo asubuhi, jioni ikakukata sana, duka la jirani, bidhaa ileile. Kinachoamua ni kitu kimoja: ni nani aliyeibadilisha hela yako kutoka sarafu ya kwenu kwenda ya huko, na alitumia kiwango gani. Ukilijua hilo, mengine yote ni hesabu za darasa la nne.

Nianze na mkenge nilioingia mwenyewe.

Natoka hotelini alfajiri, gari la uwanja wa ndege linanisubiri nje, nyuma yangu kuna foleni. Mhudumu kashika kile kimashine cha kadi, skrini imeelekea kwake. Akabonyeza kitufe kimoja, halafu ndipo akanigeuzia niweke namba ya siri. Nikaweka, nikakunja risiti, nikaondoka. Nilikuja kuikunjua ndani ya gari. Jumla imeandikwa kwa sarafu ya kwetu! Chini, kwa herufi za kutafutia miwani, kuna kiwango kilichotumika na maneno kwamba mteja amechagua kwa hiari yake kulipa kwa sarafu ya kadi yake. Hiari ipi, kitufe kimebonyezwa nikiwa natazama mabegi?

Niliporudi nikalinganisha na kiwango cha siku ile cha mtandao wa kadi yangu (namaanisha akina Visa na Mastercard). Nilikuwa nimepigwa asilimia 6 na ushee. Na bado: kwenye taarifa ya benki nikakuta mstari wa pili, tozo ya muamala wa nje, asilimia 2.5. Hoteli imenibadilishia kwa kiwango chake cha kuumiza, na benki yangu ikanikata tozo yake vilevile kwa sababu tu aliyelipwa yuko nje ya nchi. Nililipia kitu kimoja mara mbili.

Mchezo ule unaitwa DCC, kifupi cha Dynamic Currency Conversion. Kazi yake ni rahisi: badala ya kuacha mtandao wa kadi ukubadilishie hela, kampuni inayomhudumia mwenye duka inakubadilishia palepale kwenye kimashine, kwa kiwango ilichojipangia, na mara nyingi mwenye duka anapata mgawo wake. Ndiyo maana mhudumu anakuwa na bidii nacho.

Ukikataa, kinachofuata ni hiki. Muamala unakwenda kwa sarafu ya huko. Visa na Mastercard kila mmoja ana kiwango chake cha kila siku, na huwa kinakaribiana sana na kile cha soko ambacho mabenki yanauziana. Wala si siri, wote wameweka vikokotoo kwenye tovuti zao, unaingiza tarehe na sarafu unaona. Juu ya hapo benki yako inaongeza chake. Kuna benki zisizoongeza kitu, nyingi zinaongeza kati ya asilimia 1 na 3. Hiyo ndiyo gharama yako. DCC ni nadra kushuka chini ya asilimia 3, na kupita 7 ni jambo la kawaida.

Kwa hiyo kanuni yangu, hata uniamshe usiku: lipa kwa sarafu ya nchi uliyopo. Kimashine kikikuuliza, chagua sarafu ya huko. Mhudumu akikishika yeye, mwambie kabla hajabonyeza. Akikosea, risiti ikatoka na sarafu ya kwenu, usisaini, mwombe aufute muamala na aanze upya. Wanajua kufuta, wasikudanganye.

Nawasilisha. Maswali karibuni.

#2

Mkuu mimi hapo napingana na wewe kidogo. Mimi napenda kuona bei kwa hela ya nyumbani, ili nijue nimetumia kiasi gani. Hiyo ya kusubiri benki iniambie baada ya siku tatu inanipa presha.

#3 (mleta uzi)

Presha yako ndiyo bidhaa wanayoiuza, mkuu. Wanakuonyesha namba unayoielewa, wewe unaona usalama. Lakini kujua bei na kupata bei nzuri ni vitu viwili. Pakua programu yoyote ya viwango vya fedha kwenye simu, uione hela ya nyumbani bure bila kukatwa asilimia 6 kwa kuonyeshwa.

Nikiri ukweli mmoja: ile ya kusubiri siku mbili tatu ni kweli. Siku unapochanja kadi, benki inazuia kiasi cha makadirio, na muamala ukikamilika kiasi kinaweza kusogea kidogo juu au chini. Kwa sarafu zilizotulia ni senti tu.

Kwa walioko nchi za Umoja wa Ulaya kuna unafuu. Tangu 2020 kanuni zao zinawalazimisha wenye vimashine na ATM waonyeshe, kabla hujakubali, kiwango chao kimezidi kile cha Benki Kuu ya Ulaya kwa asilimia ngapi. Ukiona hapo imeandikwa asilimia 8, huhitaji mtu wa kukushauri.

#4

Aisee kumbe ndiyo maana! Mimi ilinikuta kwenye ATM. Ikaniandikia kitu kama "kiwango kimehakikishwa, kubali au kataa". Nikaogopa, nikaona nikikataa itanirudishia kadi bila hela, nikakubali.

#5 (mleta uzi)

Na hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo acha nieleze polepole.

Umeweka kadi, umechagua lugha, umeweka namba ya siri, umechagua kiasi. Skrini ya kwanza inakuja na tozo ya mashine yenyewe, inasema utakatwa kiasi fulani, endelea au sitisha. Hiyo ni tozo ya kweli, ukiiona kubwa sitisha utafute mashine nyingine. ATM za mabenki halisi, zile zilizochomekwa kwenye ukuta wa tawi, kwa kawaida zina nafuu kuliko zile za rangi kali zinazosimama peke yake kwenye mitaa ya watalii.

Halafu inakuja skrini ya pili, ndiyo mtego wenyewe. Namba kubwa katikati: kiasi kwa sarafu ya kwenu. Kulia kitufe cha kijani, "kubali ubadilishaji". Kushoto kitufe kimefifia, "kataa ubadilishaji" au "endelea bila ubadilishaji". Kile kilichofifia ndicho chako. Ukikibonyeza HAIKUNYIMI HELA. Inanyamaza sekunde kadhaa, moyo unakudunda, halafu unasikia noti zinahesabiwa ndani. Ulichokataa ni kiwango chao tu.

Kuna mashine zinauliza mara mbili, "una uhakika?" Sema una uhakika.

#6

Mleta uzi umesahau upande wa makato ya ATM yenyewe. Mimi nilikuwa mtu wa kutoa kidogo kidogo kwa kuogopa wezi, nikaja kupiga hesabu nyumbani nikakaa chini.

Tuseme mashine inakata 5 kila ukitoa, benki yangu inakata 3, na juu ya hapo asilimia 2 ya kiasi. Nikitoa 50: tano, tatu na moja, jumla 9. Hiyo ni asilimia 18 ya hela niliyoshika mkononi! Nikitoa 300 mara moja: tano, tatu na sita, jumla 14. Asilimia 4 na nukta kadhaa. Hela nilizoogopa kuibiwa nilikuwa nawapa mabenki mwenyewe kwa mikono yangu, kila baada ya siku mbili.

#7 (mleta uzi)

Hesabu safi kabisa, #6. Tozo isiyobadilika inamuumiza anayetoa kidogo. Ya asilimia haijali utoe vipi. Angalia kwenye jedwali la ada la benki yako ni ipi inayokukaba zaidi.

Nyongeza kwa wenye kadi za mkopo: USITOE KESHI NAZO kwenye ATM. Ukinunua kitu dukani unapewa siku kadhaa kabla riba haijaanza, lakini ukitoa keshi, kwa benki nyingi riba inaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo, na kuna ada ya kutoa keshi juu yake. Kadi ya akaunti ya kawaida iende ATM, ya mkopo iende kwenye vimashine.

#8

Hayo yote ya nini? Beba keshi, chenji kwenye duka lililoandika HAKUNA KAMISHENI, maisha yaendelee. Tena keshi inanipa nidhamu. Hela ikiisha kwenye bahasha nakaa ndani.

#9 (mleta uzi)

Nidhamu ya bahasha naikubali mia kwa mia. Hilo bango ndilo siliungi mkono.

Hakuna mtu anayefungua duka, analipa pango na mlinzi, halafu anakubadilishia hela bure. Kamisheni ipo, imejificha kwenye pengo kati ya namba mbili za ubaoni. Simama mbele ya ubao usome. Tuseme kwa kila 1 ya hela ya kwenu umeandikwa: tunanunua 94, tunauza 106. Katikati yake ni 100, na kwa makadirio hiyo ndiyo bei ya haki. Wewe una 1,000 za kwenu. Wanakupa 94,000 badala ya 100,000. Umeacha asilimia 6 hapo kaunta, na hakuna kamisheni hata senti.

Sasa safari imeahirishwa, unarudi dirisha lilelile na 94,000 zako zote. Wanakuuzia hela yako kwa 106. Unapata 886 na ushee. Umetembea hatua kumi kwenda na kumi kurudi, hujanunua hata maji, umepoteza zaidi ya 113.

Kwa hiyo usisome bango, pima pengo. Likiwa jembamba, mfano 99 kwa 101, hilo duka ni zuri kuliko kadi nyingi, chenji bila wasiwasi. Maduka hayo yapo, hasa mjini kwenye mtaa wenye ushindani, wameshikana mabega. Dirisha la pekee ndani ya uwanja wa ndege halina mshindani na linajua umechoka. Pale badilisha cha kukufikisha mjini, basi.

Na msome maandishi madogo. Kuna sehemu nilikuta kiwango kizuri kimeandikwa kwa herufi kubwa kama paji la uso, chini yake kwa udogo: kwa kiasi kikubwa tu. Wa hela kidogo ana kiwango kingine. Uliza kabla hujapitisha noti dirishani, "nikikupa hii utanipa ngapi mkononi?" Akuandikie kwenye karatasi au akuonyeshe kwenye kikokotoo.

#10

Hapo kwenye keshi niongezee. Mkibeba dola, bebeni noti safi. Iliyochanika ukingo, yenye muhuri wa wino, au ya miaka mingi, sehemu nyingi wanaikataa au wanaipunguzia thamani. Na noti za 100 mara nyingi zinapewa kiwango kizuri kuliko za 1 na 5. Mimi nilikwenda na kibunda cha noti za 5 kama mtu aliyevunja kibubu, nikaangaliwa jicho baya.

Halafu wenye mizigo mikubwa ya keshi: ukiingia au kutoka Umoja wa Ulaya na euro 10,000 au zaidi, unatakiwa kutoa taarifa forodhani. Marekani ni zaidi ya dola 10,000. Si kosa kuwa nazo, kosa ni kunyamaza.

#11

Vipi kuhusu hizi kadi za kujaza hela kabla? Benki yangu wananishawishi, eti nafunga kiwango leo, sarafu ikipanda mimi sijali.

#12 (mleta uzi)

Kufunga kiwango ni kweli unafunga. Cha kujiuliza ni unafunga kiwango gani. Ukijaza kwa kiwango kilichoshazidi soko kwa asilimia 4, umejikinga na mvua kwa kujimwagia ndoo ya maji. Kuna ada ya kuinunua, ya kujaza, ya kutolea ATM, na kwa baadhi ya kadi kuna ada ya kila mwezi ikikaa bila kutumika, ile inayokula salio lililobaki taratibu mpaka liishe. Na salio likibaki, kulirudisha kwa sarafu yako ni kubadilisha mara ya pili.

Hizi za kwenye programu za simu, zenye mifuko ya sarafu tofauti tofauti, nyingi ni nzuri kweli na kiwango chao kiko karibu na soko. Tatizo lake liko kwenye mipaka. Ubadilishaji wa bure una kikomo cha mwezi, ATM bure ina kikomo. Na baadhi yao wanaongeza asilimia siku za Jumamosi na Jumapili kwa sababu soko la fedha limefungwa na hawataki kubeba hatari ya Jumatatu. Kama unajua utatumia wikiendi, hamisha hela kwenye mfuko wa sarafu ya huko Alhamisi au Ijumaa mchana.

Ukitaka kupima kitu chochote unachouziwa, kiwe kadi, programu, duka au mjomba anayejuana na mtu, fanya hivi. Chukua jumla yote iliyotoka kwako, pamoja na kila ada, ugawe kwa kiasi cha sarafu ya huko ulichopata. Hiyo namba moja ndiyo bei yako halisi. Linganisha namba kwa namba. Maneno kama "bure", "nafuu" na "maalum kwa msafiri" yaache kwenye kipeperushi.

#13

Jamani kuna kitu hakijasemwa kabisa. DHAMANA. Nilikodi gari nikatoa kadi ya akaunti ya kawaida. Wakazuia kiasi kikubwa kama dhamana, na hela yangu ya safari nzima ilikuwa humo humo. Haijakatwa, imezuiwa tu, lakini kwangu ilikuwa yaleyale, sina. Nimerudisha gari zima bila mkwaruzo, hela ikachukua zaidi ya wiki kuachiwa. Siku mbili za mwisho nilikuwa naishi kwa huruma ya niliosafiri nao.

Pili, namba za uthibitisho. Nalipia tiketi mtandaoni, benki inatuma namba kwa SMS kwenye laini ya nyumbani, na laini nimeiacha kwenye droo. Tiketi ikaniponyoka, ya kesho yake ilikuwa bei nyingine.

#14 (mleta uzi)

#13 umetusaidia wengi. Dhamana iwekwe kwa kadi ya mkopo kama unayo, kule wanazuia kikomo cha mkopo, hela yako ya kula inabaki huru. Kama huna, tenga akaunti mbili. Na laini ya benki safiri nayo, washa huduma ya kupokea SMS nje kabla hujaondoka, au hamishia uthibitisho kwenye programu ya benki.

Na msisahau DCC ipo mtandaoni pia. Tovuti ya tiketi au hoteli inajua kadi yako ni ya wapi, inakuonyesha bei "kwa sarafu yako" kwa wema wake. Tafuta pa kubadilisha, kwa kawaida juu kulia au kwenye ukurasa wa mwisho wa malipo, rudisha sarafu ya muuzaji. Na ukija kurudishiwa hela ya tiketi iliyofutwa, inarudi kwa kiwango cha siku ya kurudi, si cha siku uliyolipa.

#15

Swali dogo: hizi kanuni zinafanya kazi kila nchi?

#16 (mleta uzi)

Kanuni ndiyo, vifaa hapana. Kuna nchi kadi yako inageuka plastiki tu. Urusi, tangu Visa na Mastercard wasimamishe shughuli zao Machi 2022, kadi zao zilizotolewa nje haziingii. Huko bila keshi umekwama. Tunisia hairuhusiwi kuingia wala kutoka na dinari yao, kwa hiyo usihangaike kuitafuta nyumbani, unabadilisha ukifika na kumaliza kabla hujatoka. Tunza risiti, unaweza kuombwa uionyeshe ukitaka kubadilisha kilichobaki.

China ni kinyume. Huko hata muuza barabarani anataka uskani msimbo kwa simu. Mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya nje kwenye Alipay au WeChat Pay, na utaratibu wao ni kwamba malipo ya chini ya yuan 200 hayana tozo, yakizidi hapo ni asilimia 3. Kwa hiyo vitu vidogo vidogo ni bure, kitu kikubwa jaribu kwanza kama wanapokea kadi yenyewe.

Mimi mwenyewe natoka na vitu vitatu: kadi mbili za benki tofauti, moja mfukoni na nyingine chini kabisa ya begi, maana ATM ikimeza moja siku ya sikukuu hakuna wa kumlilia. Na keshi ya siku mbili. Zaidi ya hapo ni mzigo.

#17

Mkuu la mwisho. Sarafu za chuma zinazobaki unafanyaje? Nina kopo limejaa nyumbani, nchi sita tofauti, na kila duka la kubadilisha wanasema wanachukua noti tu.

#18 (mleta uzi)

Hilo kopo hata mimi ninalo, usijisikie vibaya.

Siku ya kuondoka, kwenye kulipa hoteli, namwaga chuma zote kaunta pamoja na noti zilizobaki, mhudumu anahesabu huku ananichukia, namwambia kinachobaki kata kwenye kadi. Na hapo macho yangu yote yako kwenye kile kimashine, anakibonyeza nikiwa natazama.